Gari Lako Linajua Ulikokwenda: Mwongozo Kamili wa Kujua Nani Anaziona Safari Zako

Gari likiibiwa Mbagala usiku na kukutwa Chalinze asubuhi, mara nyingi kilicholiokoa ni kile kiboksi cha GPS kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Kiboksi hichohicho kinajua pia unalala wapi, unasali wapi, mtoto wako anasoma shule gani, na Jumamosi ulikuwa kwa nani hadi saa nane usiku. Hakiwezi kujua la kwanza kikaacha kujua la pili. Kwa hiyo simshawishi mtu ang'oe GPS yake. Mwongozo huu unahusu jambo moja: kuwajua wote wenye nywila ya kuliangalia gari lako, kisha kubaki na wale tu unaowataka.

Nimeuandika kwanza kwa ajili ya mwenye gari wa Afrika Mashariki, ambaye mara nyingi gari lake limetoka Japani likiwa limeshatumika. Ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, ambao magari yao yameunganishwa na intaneti tangu kiwandani, hatua ya tano ndiyo yao hasa, ingawa za mwanzo zinawahusu pia.

Taarifa za mahali zinatoka wapi

Kuna njia nne, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni mtambo wa kiwandani. Magari mengi mapya huja na laini ya simu iliyochomelewa ndani, ambayo hutuma mahali gari lilipo, mwendo, jinsi unavyofunga breki na hali ya injini kwenye seva za kampuni iliyolitengeneza. Ya pili ni kifaa kilichofungwa baadaye na fundi: wewe ndiye uliyekiagiza, au muuzaji, mkopeshaji, mwajiri, bima, au mtu wa nyumbani kwako. Ya tatu ni redio ya skrini yenye ramani, ambayo huweka kumbukumbu ya ulikokwenda hata kama haijaunganishwa na chochote. Ya nne ni simu yako mwenyewe, na hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Kwa gari la hapa kwetu, hatari kubwa iko kwenye njia ya pili na ya nne. Habari za kampuni kubwa za nje hutisha zaidi zikisomwa gazetini, lakini mtu anayeweza kukudhuru leo ni yule mwenye programu ya GPS yako kwenye simu yake huku wewe hujui kama anayo.

Hatua ya 1: Jua gari lako lina nini kabla ya kugusa waya wowote

Anza na karatasi. Toa mkataba wa mkopo kama upo, hati ya bima, na makubaliano ya mauziano. Tafuta maneno kama "kifaa cha ufuatiliaji", "GPS", au "telematiki". Wakopeshaji wengi huliandika jambo hili katika kifungu kimoja kirefu ambacho hakuna aliyekusomea siku ya kusaini.

Kisha kaa kwenye kiti cha dereva. Tazama juu karibu na taa ya ndani: kukiwa na kitufe cha SOS, gari limetoka kiwandani na njia ya kupiga simu. Kwa magari yaliyotoka Ulaya, kitufe hicho huenda ni cha eCall, mfumo wa dharura uliofanywa wa lazima kwa aina mpya za magari kuanzia tarehe 31 Machi 2018. Kwa kanuni zake, eCall hulala hadi ajali itokee, ndipo hupiga namba 112 na kutuma mahali gari lilipo. Huduma za kibiashara ambazo kampuni huziongeza juu yake ni habari nyingine. Ile antena yenye umbo la pezi la papa juu ya paa si ushahidi wa chochote, kwa sababu inaweza kuwa ya redio tu.

Kwa magari ya Japani kuna hofu moja ninayoulizwa sana: ile sauti ya mama wa Kijapani inayozungumza kila ukiwasha gari. Karibu kila mara hicho ni kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za Japani, kinachosema hakijaona kadi. Kinazungumza na mageti ya barabara za huko kwa redio ya masafa mafupi, na hapa hakuna anayekisikia isipokuwa wewe. Fundi umeme anaweza kukitoa bila kuathiri kitu kingine.

Huduma za kiwandani za Toyota za huko, kama T-Connect, zimefungwa kwa mteja wa Japani na mtandao wa Japani. Hata hivyo zinafundisha kitu. Mei 2023 Toyota ilitangaza kwamba taarifa za wateja wapatao milioni 2.15 nchini Japani zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kujua pa kuangalia, kuanzia Novemba 2013 hadi Aprili 2023, kwa sababu seva ilipangwa vibaya. Miongoni mwake zilikuwemo namba za chasisi na mahali magari yalipokuwa, pamoja na saa. Miaka kumi mlango uko wazi katika kampuni yenye nidhamu ya aina ile. Likumbuke hilo utakapofika hatua ya tatu, ambapo seva inaweza kuwa ya kampuni usiyoijua hata jina.

Hatua ya 2: Tafuta kifaa kilichofungwa

Kazi hii ifanywe mchana, gari limezimwa, na ikiwezekana na fundi umeme unayemwamini ambaye si yule aliyelihudumia gari kwa muuzaji. Anza na sehemu rahisi: soketi ya kuchomekea mashine ya kupimia gari, iliyo chini ya usukani. Kuna vifaa vya GPS vinavyochomekwa hapo moja kwa moja, na kuviona huchukua dakika moja.

Baada ya hapo fungua plastiki ya chini ya dashibodi upande wa dereva, kisha nyuma ya boksi la vitu upande wa abiria, nyuma ya redio, karibu na boksi la fyuzi, chini ya kapeti, ndani ya kiti, kwenye buti pembeni ya tairi la akiba, na ndani ya bampa. Unachotafuta ni kiboksi cheusi chenye ukubwa wa kiberiti au zaidi kidogo. Waya wake mwekundu kwa kawaida huchukua umeme, mweusi huenda kwenye bodi, mwingine umeungwa kwenye swichi ya ufunguo, na wa njano, ukiwepo, mara nyingi unakwenda kwenye rilei, yaani swichi ndogo ya umeme, ya kuzimia pampu ya mafuta.

Fundi mzoefu hatafuti kiboksi, anatafuta teipu. Nyaya za kiwandani zimefungwa kwa teipu ya kitambaa isiyong'aa, zimepangika, zimebanwa kwa vibanio vyake. Ukikuta teipu nyeusi ya plastiki inayong'aa, ya dukani, imezungushwa juu ya waya uliokwanguliwa, fuata waya huo hadi mwisho wake. Unaweza kukufikisha kwenye kengele ya wizi au taa za nyongeza. Unaweza pia kukufikisha unapopatafuta.

Kuna na vile visivyo na waya. Vifaa vya sumaku vyenye betri yake hubandikwa chini ya gari, kwenye chuma cha chasisi au ndani ya matao ya magurudumu. Pitisha mkono wenye glavu na tochi. Vitambulisho vidogo kama AirTag ya Apple havina GPS ndani. Hutumia simu za watu waliopo karibu kujulisha viko wapi. iPhone hukuonya ikiona kimoja kisicho chako kinasafiri nawe, na tangu Mei 2024 simu za Android nazo hufanya hivyo kwa vifaa vinavyofuata makubaliano ya kampuni hizo mbili. Washa Bluetooth na uruhusu arifa hizo, la sivyo onyo halitakufikia.

Ukikipata kifaa, usikikate. Kipige picha mahali kilipo, soma namba ndefu iliyobandikwa juu yake, na kama kuna laini ndani, andika namba za kadi hiyo. Baadhi ya vifaa vina betri ndogo ya akiba na hutuma taarifa ya "umeme umekatwa" papo hapo kwa mwenye navyo. Na kama kuna rilei kwenye pampu, kuukata waya usioujua kunaweza kulifanya gari lisiwake kabisa, ukabaki gereji ukimpigia simu yuleyule uliyetaka asijue.

Hatua ya 3: Ichukue GPS yako mikononi mwako

Hapa ndipo watu wengi wamelala. Umelipa, fundi amefunga, amekuwekea programu kwenye simu, ameandika jina la akaunti na nywila kwenye karatasi, mmeagana. Fundi huyo ndiye aliyeifungua akaunti. Nywila anayo. Huenda akaunti yako ni tawi dogo chini ya akaunti yake kubwa, na kila siku akifungua kompyuta anayaona magari yote aliyowahi kuyafunga, lako likiwemo, kama vidoti kwenye ramani.

Fanya mambo haya kwa mpangilio.

Badilisha nywila ya programu siku hiyohiyo. Kisha badilisha nywila ya kifaa chenyewe, ambayo ni tofauti. Vifaa vingi vya bei nafuu kutoka China huamriwa kwa ujumbe mfupi wa simu, na nywila yake ya kiwandani ni 123456. Mtu akiijua namba ya laini iliyomo na nywila haijabadilishwa, anaweza kukiuliza kifaa kiko wapi, na kwa vifaa vingine akalizima gari. Mwaka 2022 kampuni ya usalama ya BitSight ilionyesha matundu makubwa katika kifaa cha MV720 cha MiCODUS, na serikali ya Marekani kupitia shirika lake la usalama wa mtandao, CISA, ikatoa onyo. Kampuni hiyo ilisemekana kuwa na vifaa milioni 1.5 katika nchi 169. Mojawapo ya matatizo yaliyoonekana ni hiyo nywila 123456, ambayo watu hawakuwa wameibadilisha. Amri ya kuibadilisha imo kwenye kijitabu cha kifaa na hutofautiana kwa kila aina, kwa hiyo mdai fundi kijitabu hicho kabla hujamlipa.

Uliza laini iliyomo imesajiliwa kwa jina la nani. Tanzania piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kenya mteja wa Safaricom hutumia namba hiyohiyo. Laini ya GPS ikiwa kwa jina la fundi, yeye ndiye mwenye laini machoni pa kampuni ya simu. Anaweza kuifunga, au kuirudisha kwenye kadi mpya. Napendelea isajiliwe kwa jina la mwenye gari, iwekwe vocha na mwenye gari, na namba yake isitolewe kwa mtu yeyote.

Angalia orodha ya namba zilizoruhusiwa. Vifaa hivi huwa na nafasi kadhaa za namba za "msimamizi" zinazoruhusiwa kukiamuru. Fundi mara nyingi huiacha yake humo ili akusaidie siku ukikwama. Nia inaweza kuwa njema kabisa, lakini mfute. Siku ukikwama utamrudisha kwa saa moja, kisha utamtoa tena.

Uliza seva iko wapi na kumbukumbu zinakaa muda gani. Kampuni ya maana itakuambia: safari zinatunzwa miezi mitatu, au sita, au mwaka. Inayojibu "usijali, zipo tu" imeshakujibu. Chagua muda mfupi kadiri unavyoruhusiwa. Kwa kulipata gari lililoibiwa unahitaji kujua liko wapi sasa na jana. Safari za mwaka juzi hazimsaidii mtu ila anayekuchunguza.

Suala la kuzima injini kwa mbali nalichukulia kwa uzito wa pekee, kwa sababu hapo faragha imegeuka kuwa roho za watu. Kifaa kizuri kimewekewa kizuizi, hakikati pampu hadi mwendo ushuke sana au gari lisimame. Mwambie fundi akuonyeshe kizuizi hicho kikifanya kazi, ndani ya uwanja, si barabarani. Kama hana, mwambie aunge rilei kwenye starta badala ya pampu: gari linalokwenda litaendelea kwenda, ila likizimwa halitawaka tena.

Hatua ya 4: Redio na simu

Unapounganisha simu na redio ya gari kwa Bluetooth, redio huuliza kama inaruhusiwa kuchukua orodha ya majina na simu ulizopiga. Wengi tunabonyeza "ndiyo" ili muziki uanze. Kuanzia hapo majina yote yanaweza kubaki ndani ya redio hata ukishashuka. Kwa gari la kukodi au la ofisini, jibu "hapana" kwenye majina. Muziki utapiga vilevile. Na kama unataka kuchaji tu, tumia chaja ya soketi ya kiberiti cha gari, usichomeke waya kwenye redio.

Redio za Japani zenye ramani zina alama ya nyumba, na chini yake pameandikwa 自宅, yaani nyumbani. Ukiibonyeza kwenye gari lililotoka mnadani huko, mara nyingine ramani inakupeleka moja kwa moja kwenye mtaa wa mwenyewe wa kwanza, na historia ya safari zake imo. Hajui kama wewe, uliye Arusha au Mombasa, umeiona nyumba yake. Na wewe ukiuza, mnunuzi wako ataona yako. Futa alama hiyo na historia ya safari moja moja ikiwa huisomi lugha; programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu itakusaidia. Usikimbilie kuchomoa betri ukidhani kumbukumbu zitafutika. Redio nyingi za Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani hujifunga umeme ukikatika, zikadai namba ya siri, ukabaki na skrini isiyofanya kazi.

Sasa simu. Ramani za Google zikiwa zimewashiwa kumbukumbu ya maeneo, simu huandika kila ulipopita, kwa gari, bodaboda au miguu. Gusa picha yako ndani ya programu ya ramani, fungua rekodi ya maeneo uliyotembelea, izime au ipangie kujifuta kila baada ya miezi mitatu. Kagua pia kama kuna mtu uliyewahi kumshirikisha mahali ulipo ukasahau. Watu huanza kwa "nifuatilie mpaka nifike" na hawazimi. Android Auto na CarPlay huonyesha simu yako kwenye skrini ya gari, lakini vifaa vilivyowahi kuunganishwa hubaki kwenye orodha, kwa hiyo vifute pande zote mbili, kwenye gari na kwenye simu.

Hatua ya 5: Gari lililounganishwa tangu kiwandani

Septemba 2023 taasisi ya Mozilla, yenye kivinjari cha Firefox, ilichunguza sera za faragha za chapa 25 za magari, na hakuna hata moja iliyofaulu. Hiyo ndiyo hali ya soko zima, kwa hiyo kubadilisha chapa si suluhisho. Linalowezekana ni kufunga milango unayoweza kuifikia.

Kisa cha General Motors kinaonyesha mlango ulivyo. Nchini Marekani wateja walijiunga na huduma iitwayo Smart Driver ndani ya OnStar, mfumo wa GM wa kuyaunganisha magari yake na mtandao, wengine bila kuelewa wameingia kwenye nini. Taarifa za uendeshaji wao ziliuzwa kwa kampuni kama LexisNexis na Verisk, zinazozihudumia bima. Gazeti la The New York Times liliandika Machi 2024 juu ya dereva wa Chevrolet Bolt aliyeona bima yake imepanda, akaomba ripoti yake, akaletewa zaidi ya kurasa 130 zenye safari 640 za miezi sita: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, breki kali ngapi, umbali gani. Januari 2025 tume ya biashara ya huko, FTC, ilitangaza makubaliano ya kuizuia GM kwa miaka mitano kuzipa kampuni za aina hiyo taarifa za mahali na uendeshaji. Tume ilieleza kwamba mahali gari lilipo palikuwa pakirekodiwa hata kila baada ya sekunde tatu.

Ukiwa na gari la namna hii, keti ndani yake na simu yenye programu ya gari. Kwenye skrini ingia sehemu ya faragha au huduma zilizounganishwa, zima kushiriki mahali, takwimu za uendeshaji, na kile kinachoitwa "kuboresha huduma". Kisha fungua programu ya simu na ufanye hivyohivyo, maana mara nyingi ruhusa ni mbili na kuzima moja hakuzimi nyingine. Jihadhari na huduma yoyote inayokupa alama za uendeshaji mzuri: ili ikupe alama lazima ikutazame. Soma kile ambacho gari litapoteza kabla hujazima kila kitu, kwa sababu kwenye baadhi ya magari ukizima mtandao kabisa unapoteza pia wito wa dharura.

Ukiwa Marekani, omba ripoti yako LexisNexis, haigharimu kitu. Ukiwa Ulaya, iandikie kampuni ya gari ikupe nakala ya kila ilichonacho juu yako. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inaipa mwezi mmoja kujibu. Oman nayo ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Kama unadhani kampuni kubwa haziwezi kuvujisha, Desemba 2024 ilibainika kwamba taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen zilikuwa wazi mtandaoni, nyingi zikionyesha mahali halisi gari lilipoegeshwa. Na Januari 2025 watafiti wawili walieleza jinsi walivyoingia kwenye mfumo wa magari ya Subaru uitwao Starlink (si ile intaneti ya setilaiti) na kuona mwaka mzima wa safari za gari. Subaru iliziba tundu hilo ndani ya siku moja baada ya kuarifiwa. Kinachosikitisha ni kwamba mwaka huo mzima wa safari ulikuwa umehifadhiwa.

Hatua ya 6: Kununua, kuuza, kukodi

Ukinunua gari kwa mtu au yadi, andika ndani ya makubaliano kwamba muuzaji ametaja vifaa vyote vya ufuatiliaji na atakukabidhi akaunti zake. Usisubiri kadi ya gari ibadilishwe jina ndipo uulize. Gari likiwa na programu ya kiwandani, muuzaji alitoe kwenye akaunti yake mbele yako, kwa simu yake, wewe ukiangalia. Vinginevyo mwenye gari wa zamani anaweza kuendelea kuliona, na kwa baadhi ya magari kulifungua milango, miezi mingi baada ya kupokea pesa zako.

Ukiuza, geuza orodha hiyo: jitoe kwenye programu, futa simu zote, futa nyumbani na historia, rudisha redio kwenye hali ya kiwandani kama si ya kujifunga, toa laini yako kwenye GPS. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikisafiri na gari la mtu mwingine, litakalotokea huko litaanza kuulizwa kwako.

Gari la kukodi chukulia lina GPS, kwa sababu mengi yanazo, na mwenye gari ana haki ya kulilinda. Unachodai ni kuambiwa.

Gari la mkopo na gari la kazini

Mkopeshaji akikufungia GPS, kifaa hicho ni sehemu ya dhamana yake. Kuking'oa ni kuvunja mkataba, na usithubutu kununua mashine ya kuvuruga mawimbi; ni kosa la jinai na inaweza kuharibu mawasiliano ya watu wengine. Lakini dhamana haimpi mkopeshaji ruhusa ya kila kitu. Kabla ya kusaini, uliza na uandikiwe: nani ofisini anaona, je huwa anaangalia kila siku au ni pale unapochelewa kulipa tu, gari linaweza kuzimwa katika hali gani, na utapewa onyo la muda gani. Ninalolisisitiza zaidi ni mwisho wa mkopo. Siku unayomaliza rejesho la mwisho, dai mambo matatu kwa pamoja: barua ya kumaliza deni, kifaa kutolewa au kukabidhiwa kwako, na kumbukumbu zako kufutwa. Watu hushangilia kadi ya gari, wakasahau kwamba kiboksi bado kinapiga simu.

Dereva wa kampuni aelezwe wazi kwamba gari linafuatiliwa, na liwe limezimwa kufuatiliwa saa zisizo za kazi kama anaruhusiwa kwenda nalo nyumbani. Mabasi ya mikoani Tanzania yana mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo, na mizigo ya kwenda nchi jirani ina mihuri ya kielektroniki ya forodha. Hivyo vipo kisheria, usiviguse.

Anayekufuatilia akiwa mtu wa nyumbani

Naomba sehemu hii isomwe taratibu. Ukigundua kwamba mume, mke au mpenzi amekuwekea kifaa kwa siri, na kuna vitisho au kipigo kati yenu, usikitoe siku hiyo. Kifaa kikizimika ghafla atajua umejua, na huo ndio wakati wa hatari. Kipige picha, kiache, kisha ongea na mtu unayemwamini kwa simu isiyo yako, mahali ambapo ni kawaida yako kwenda na gari: sokoni, kanisani au msikitini, kazini. Tanzania yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Ukiamua kuondoka, ondoka kwa usafiri mwingine, na simu nayo ikaguliwe kwanza, kwani anayeweka kifaa kwenye gari huenda ameanza na simu.

Barua ya kudai taarifa zako

Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Data. Uganda nayo imetunga yake mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Zote zinakupa haki ya kuuliza nani ana taarifa zako na kwa ajili gani. Andika kwa barua pepe ili tarehe ibaki:

"Mimi ni mmiliki wa gari lenye namba za usajili ______ na chasisi ______, ambalo kampuni yenu ilifunga kifaa cha GPS tarehe ______. Naomba mnijulishe kwa maandishi: (1) taarifa gani za mahali na safari mnazo juu ya gari hili, na za kuanzia lini, (2) watu na kampuni gani wameziona au kupewa, (3) seva ziko nchi gani, (4) mtazifuta lini. Naomba pia nakala ya taarifa hizo, na kumbukumbu zote zilizozidi siku ______ zifutwe. Tafadhali nijibuni kwa anwani hii."

Ambatisha nakala ya kadi ya gari, na kama wanataka kitambulisho, ficha namba zisizohitajika. Weka tarehe kwenye kalenda. Wakikaa kimya, tuma barua ileile kwa mara ya pili ukinakili Tume au Kamishna, na uambatishe ile ya kwanza.